Vipimo Havijakubali

Kwa miaka mingi kazi yangu katika hospitali moja ya Nakuru ilikuwa kusema sentensi moja bila kupepesa macho. Mimi si bingwa wa figo. Ni daktari wa kawaida, wa kila kitu, niliyeingizwa kwenye chumba cha mashine za kusafisha damu kwa sababu siku hiyo hapakuwa na mwingine, nikasahauliwa humo. Mabingwa walikuja wakaenda. Mimi nikabaki na wagonjwa, nikajua majina ya ng'ombe wao na tabia za wakwe zao. Wachache walipobahatika kwenda Eldoret au Nairobi kupandikizwa figo, mimi ndiye niliyewatayarisha, wao pamoja na ndugu waliojitolea kuwapa.

Kabla ndugu hajapelekwa mbele, niliketi naye peke yake, mlango umefungwa, bila mke, bila mama, bila mchungaji. Nilimuuliza kama anataka kweli au anasukumwa. Wengi walitaka. Wengine walianza kulia hata sijamaliza swali. Huku kwetu tunaijua familia: watu wakishakaa, wakaomba, wakakutazama wewe, si rahisi kusimama useme hapana. Kwa hiyo niliwasemea mimi. Nilitoka nao hadi kwenye benchi walipongoja jamaa zao, nikasema, "Vipimo havijakubali." Basi. Sikueleza vipimo gani. Na yule ambaye mwili wake ulikuwa na kasoro kweli nilimsemea maneno hayo hayo, kwa sauti ile ile, ili isijulikane nani alikataa na nani alikataliwa.

Nilijivunia sentensi hiyo kuliko cheti changu chochote. Niliwafundisha madaktari wadogo waliopita mikononi mwangu, na aliyeishika vizuri zaidi alikuwa Cherono, msichana mtulivu kutoka upande wa Njoro. Nilimfundisha pia kanuni yake: kinachosemwa mle ndani hakitoki, hata kwa mgonjwa. Hasa kwa mgonjwa.

Ninayaandika haya nikiwa hai, kwa ajili ya wanaongoja kwenye benchi kama lile. Sitawaeleza figo hufanyaje kazi, maana picha zake zimebandikwa kila ukuta wa kliniki na hakuna anayezisoma. Nataka kueleza jinsi sentensi yangu ilivyonifikia mimi mwenyewe.

Ilianza msimu wa kupanda mahindi. Viatu vilinibana asubuhi, nikalaumu viatu. Nilichoka, nikalaumu zamu. Chai ikawa na ladha ya chuma, nikalaumu sufuria ya Kimani, mume wangu, ambaye ni mwalimu na ndiye hupika chai yetu kabla ya kwenda shuleni. Mganga hajigangi, husema watu, lakini mimi nilipita hapo, hata kujitazama sikujitazama. Presha ilikuwa imekuja na mimba yangu ya mwisho, nami nilikuwa nimeacha kuipima, kwa ile jeuri ya mtu anayepima presha za wengine kutwa. Ni nesi mmoja aliyeniketisha kwenye korido, akabonyeza kidole kwenye muundi wa mguu wangu. Kishimo kikabaki pale, hakikujaa. Tulikitazama sote wawili. Hakusema kitu, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha kukitazama.

Wiki hiyo hiyo nililala kwenye kiti cha mashine katika chumba nilichokuwa nikikiongoza. Nilitiwa mpira wa kupitishia damu shingoni, nikaanza kuvaa skafu hata jua likiwa kali. Wanangu wawili waliacha kunikumbatia upande wa kulia. Ngozi yangu ikawa nyeusi ya majivu, ikawasha usiku kucha, na kiu ikawa ndiyo kazi yangu mpya. Aliyewahi kukatazwa maji atanielewa. Unaanza kumchukia mtu anayekunywa soda mbele yako, hata akiwa mtoto wako.

Kwenye benchi la kungojea wagonjwa wangu wa zamani hawakujua waniite nini. Walisimama nilipofika, kama zamani, kisha wakakumbuka kwamba tunasubiri mashine moja. Ni Mama Chebet, mama wa makamo anayeuza nguo za mtumba, aliyelimaliza jambo hilo. Alisogea, akapiga kiti cha dirishani kwa kiganja, akaniambia, "Kaa hapa, Daktari. Sasa wewe ni wetu." Tangu siku hiyo alinishikia kiti hicho. Nilikuwa nimempitia kwa miaka na sikujua kwamba hicho ndicho kiti pekee ambacho upepo hauingii mgongoni.

Kimani alitaka kunipa figo siku ile ile ya kwanza. Damu zetu zilipatana, lakini Kimani alikuwa mnene, na daktari wa upasuaji wa Eldoret alimwambia apunguze mwili kwanza, tena sana. Hakuna aliyejua ingechukua muda gani, wala kama angeweza. Presha yangu ilikuwa inashuka kwenye mashine hadi naona giza, na mara mbili walinirudisha kwa kunishika na kuniita kama mtu anayekwenda. Nilikuwa nimeona wagonjwa wa namna hiyo. Nilijua kwamba huwa hawangoji sana.

Ndipo Mama akaita kikao kwake Subukia. Baba alikufa zamani, alianguka shambani ghafla na tukasema ni Mungu. Tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Nderitu, anayelima shamba la nyumbani na kufuga ng'ombe wa maziwa. Siku hiyo tulikula, mchungaji akaomba, na Mama akasema kwamba yeye ni mzee, figo yake haitakiwi, lakini tumbo lake lilitoa watu wawili. Hakumtaja mtu. Watu wote sebuleni wakatazama sakafu, yaani wakamtazama Nderitu.

Alisimama. Ni mtu mkubwa, mpole, mwenye mikono mipana, na tangu nivae koti jeupe hajawahi kuniita jina langu. "Dokta, mimi nitakupea," alisema. Mkewe, Wairimu, alikuwa mlangoni na trei ya vikombe. Alisimama pale bila kuingia wala kutoka. Nikaona hilo na nikaliweka moyoni, kama nilivyoweka mengi kama hayo kwa miaka yote ya kazi yangu.

Cherono sasa ndiye aliyekaa kwenye kiti changu. Alimchukua Nderitu kwa vipimo vyote, mkojo, damu, presha, picha, na siku majibu yalipokuwa tayari akamwita ndani peke yake. Sisi tulibaki benchini: mimi, Mama, Kimani na Wairimu. Walikaa ndani muda mrefu. Mtu asiyeijua kazi hii hufikiri kukaa sana ni dalili njema, lakini mimi najua kwamba anayetaka kutoa hutoka haraka.

Mlango ulifunguliwa. Nderitu alitoka macho yakiwa chini, na Cherono nyuma yake akatutazama mmoja mmoja, akatua kidogo kama nilivyomfundisha, akasema, "Vipimo havijakubali."

Alikuwa na sauti yangu. Hata kule kutua kabla ya neno la kwanza kulikuwa kwangu. Mama alimkumbatia Nderitu akamwambia Mungu ameuona moyo wake, na Nderitu akaanza kulia mbele za watu, mwanaume mzima, mabega yakitikisika. Mimi sikulia. Nikasema moyoni: amekataa. Ndugu yangu amekataa, na mimi nimekwisha.

Nataka niseme wazi nilivyohisi, kwa sababu wagonjwa hufundishwa kuficha hili. Nilimchukia. Nilikuwa nimemlipia shule, nimemshika mkono akivuka barabara, na sasa alikuwa na figo mbili mwilini mwake na ng'ombe wa kukamua, naye anataka kuishi na zote. Niliyachukia mabega yake. Kisha, baada ya siku nyingi za mashine, nilikumbuka nyuso zote zilizowahi kulia mbele yangu mle ndani, nyuso nilizoziahidi kwamba hakuna atakayejua kamwe. Nikajiambia kwamba kama ahadi hiyo haifai kwa ndugu yangu, basi ilikuwa uongo kwa wote. Nikaamua kumlinda. Na niwe mkweli, uamuzi huo ulinipa nguvu, nikajiona mtu mwema.

Kimani hakulala. Alikuwa amesoma yote kuhusu figo, na aliona kwamba vipimo vya Nakuru vinaweza kukosea. Alitaka Nderitu apelekwe Nairobi akapimwe upya, na alikuwa tayari amempata daktari wa kumwona. Nilimkataza. Aliuliza kwa nini, sikuweza kumwambia. Tuligombana jikoni kwetu, mtaa wa Free Area, hadi majirani wakaongeza sauti ya redio, kwa adabu. Alinishutumu kwamba nimeshakubali kufa na kwamba ninaona fahari kufa kimyakimya kama daktari. Nilimwambia kwamba akimpeleka Nderitu Nairobi, sitakwenda tena mashine. Nilimaanisha. Aliweka chini sahani ya chapati aliyokuwa ameshika. "Basi nitajipunguza mimi," alisema.

Akajipunguza. Mvua za masika zilipita, akatembea ndani yake. Baridi ya Julai ikaja na ukungu wake, akatembea ndani yake pia, akizunguka mitaa kabla ya alfajiri na kurudi na viatu vyenye matope. Watoto walimcheka wakamwita Mwalimu Mbio. Mimi nilikuwa nakonda upande wangu bila kutaka, yeye upande wake kwa kutaka, tukakutana mezani na mboga zilizochemshwa mara mbili.

Nderitu aliacha kuja mjini. Zamani hakukosa wiki. Sasa alituma kabichi na viazi kwa mtu, vitu ambavyo hata sikuruhusiwa kula bila kuviloweka na kuvifua kama nguo ili kuondoa chumvichumvi zake, nami nikavipokea nikijua vimetoka wapi: kwenye dhamiri. Nilipompigia simu alisema yuko sawa, mvua imekuwa nzuri, ng'ombe mmoja amezaa. Mama alilalamika kwamba amekuwa mtu wa kujifungia. Nilimwambia amwache, kila mtu hubeba mzigo wake kivyake.

Krismasi tulikwenda Subukia. Nilikuwa na nguvu kidogo kwa sababu nilisafishwa damu siku iliyotangulia. Nderitu alikuwa amevimba chini ya macho. Alikuwa amevaa gambuti, viatu vyake virefu vya mpira, ndani ya nyumba, siku ya sikukuu, na Mama alipomwambia azivue akasema anatoka sasa hivi kwenda kwa ng'ombe. Nyama hakuigusa, alisema ina harufu. Alikaa karibu na mlango na kunitazama nilipokuwa sitazami. Mimi, ambaye nimetumia maisha yangu nikiwatazama watu wenye macho kama yale, na ambaye niliyaona kwenye kioo changu kila asubuhi, niliyaangalia nikasema: aibu inamla ndugu yangu.

Nilimfuata nje, nyuma ya ghala. Nilitaka kumpunguzia mzigo. Alikuwa ameegemea ukuta, anahema kama mtu aliyebeba gunia, ingawa hakuwa amebeba kitu. Aliponiona alijinyoosha.

"Dokta," alisema, "kuna kitu nilikuwa nataka kukuambia. Ile siku ya vipimo."

Nilimwekea kiganja kifuani. "Usiniambie, Nderitu. Mliyosema na Cherono yabaki huko. Mimi sina chochote na wewe. Umesikia?"

Alinitazama, mdomo ukiwa wazi kidogo. Nilimwona akitafuta maneno, kisha nikamwona akiyaacha.

"Sawa, Dokta," alisema, akaenda kukamua.

Nilirudi ndani nikiwa mwepesi. Nilikula kipande cha nyama nilichokatazwa na nikaimba na watoto.

Eldoret tulikwenda mahindi yakiwa machanga. Kimani alikuwa amekonda hadi suti yake ya harusi ikamtosha. Nakumbuka dari likipita juu yangu, na mkono wake ukining'inia kutoka kitanda cha pili, na nesi akisema tuachiane mikono sasa. Nilipoamka niliona mfuko wa mkojo kando ya kitanda ukijaa. Watu hawajui furaha ya kukojoa. Nililia nikiutazama ule mfuko, na daktari wa upasuaji, kijana asiyecheka, akacheka. Wiki za kwanza nilikunywa maji kwa kikombe cha bati nikiyasikia yanashuka hadi tumboni. Ngozi ikarudi rangi yake. Ladha ya chai ikarudi, na nikamwomba radhi Kimani kwa ajili ya sufuria yake.

Simu ya Wairimu ilikuja wakati wa kuvuna. Nilikuwa ninaanika nguo, nimevaa barakoa kwa sababu dawa za kulinda figo mpya hudhoofisha kinga ya mwili. "Dokta, Nderitu ameanguka kwa shamba," alisema. "Amefura mwili yote. Anaongea vitu hazieleweki." Nilijua kabla hajamaliza. Nilijua yote mara moja, gambuti za kuficha miguu iliyovimba, nyama, kuhema kwenye ukuta wa ghala, na nikabaki nimeshika shati la mtoto linalodondosha maji.

Hospitalini walikuwa wameshamtia mpira shingoni. Cherono alikuja kunipokea kwenye korido. Hatukuketi. Aliniambia kwamba siku ile ya vipimo presha ya Nderitu ilikuwa juu kiasi cha kumtisha, na mkojo wake ulikuwa tayari unapitisha protini, dalili ya figo kuanza kuharibika. Nderitu hakukataa. Alibishana naye mle ndani muda wote ule, akitaka atoe hivyo hivyo. Cherono alimpa dawa na kumwandikia kliniki. Nderitu alikwenda mara ya kwanza, dawa zikaisha, akajisikia nafuu, akaacha.

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Niliuliza swali hilo, mimi.

"Daktari, ulinifundisha mwenyewe," alisema Cherono. Alikuwa analia bila sauti. "Lakini nilimwambia yeye akueleze. Nilimwambia, dada yako ni daktari wa figo, mwambie yeye kabla ya mtu mwingine. Hakukuambia?"

Wairimu alinieleza mengine baadaye. Walikuwa wamekubaliana wanyamaze, kwa sababu nyumba moja haiwezi kubeba wagonjwa wawili na Mama angekufa kwa hofu. Sikukuu ile ndiyo Nderitu alikuwa amejipa moyo aniambie. Aliporudi kutoka kwa ng'ombe alimwambia mkewe kwamba Dokta anajua tayari, na amesema si kitu.

Mama husema mficha maradhi kifo humuumbua, na tangu siku hiyo amesema hivyo mara nyingi akimtazama mwanawe. Hanitazami mimi, kwa sababu hajui. Nderitu hakuyaficha maradhi yake kwangu. Aliyaleta hadi mbele yangu, nami nikayarudisha kwa kiganja. Nilimsamehe ndugu yangu kosa ambalo hakulifanya, na kwa kuwa nilishamsamehe, sikumpima hata presha.

Kwa hiyo ninyi mnaongoja kwenye benchi, nisikieni. Mlango ukifunguliwa na daktari akawaambia kwamba vipimo havijakubali, msimchimbe, wala msimlazimishe mtu kusema kilichosemwa ndani. Sentensi hiyo bado naiamini. Imeokoa watu ambao familia zao zingewakata vipande kwa upendo. Lakini msiishie hapo. Macho yote huwa yamemgeukia mgonjwa, nani atampa sasa, tufanyeje sasa, na huyu aliyetoka mle ndani anasimama kando ameshika kofia. Mwendeeni. Mwulizeni kama yeye mwenyewe ni mzima, na mkae mpaka ajibu. Akisema ana jambo la kuwaambia, mwacheni aseme, hata kama mnadhani mnalijua.

Nderitu sasa huenda mashine mara mbili kwa wiki. Mama Chebet alimpa kiti cha dirishani. Hakuna wa kumpa figo kwa sasa. Wairimu ana mimba, Mama ni mzee, na mimi ninayo moja tu, ya kuazima. Hukaa naye kila ninaporuhusiwa, na barakoa yangu, nikiitazama damu yake ikitoka na kurudi.

Wiki iliyopita nilimweleza. Nilimwambia nilichofikiri siku ile benchini na nilichofikiri nyuma ya ghala. Alisikiliza macho yakiwa darini.

"Ulifikiria nilikataa," alisema.

"Nilifikiria."

"Na ukanyamaza mwaka mzima."

"Nilinyamaza."

Nilingoja anitukane, nilitamani anitukane. Kisha akageuza kichwa polepole, kwa sababu ya mpira, akaniona nimesimama. Akamwita nesi, akamwomba aniletee kiti, kwa sababu mimi ni mgonjwa na sifai kusimama sana.